Uliza Dada: "Nikifika Xi'an nianzie wapi?"

Toleo lililopita niligusia tu, mistari minne hata haifiki, kwamba niliwahi kwenda China kozi ya likizo, wiki 5 Xi'an, asubuhi darasani mchana kuzurura. Basi meseji mlizonitumia jamani! Nimeokota sita, nyingi zilizobaki zinafanana na hizi, na nyie mlioniuliza kama nilipata mchumba huko mtaendelea kusubiri.

Dada mambo vp. Nipo UDOM mwaka wa pili, Kichina nimekisoma kidogo hapahapa chuoni, sasa nimepata nafasi ya kozi ya likizo wiki 4 Xi'an mwezi wa 7. Ratiba inasema darasa linaisha saa 6 mchana, baada ya hapo tupo huru. Sitaki nirudi na picha za maghorofa tu. Nianzie wapi? — Wa Ng'hong'hona

Poa mdogo wangu, hongera sana. Kwanza nikutoe ushamba maana na mimi nilitolewa, Xi'an sio kamji. Sensa yao ya 2020 ilikuta watu karibu milioni 13, yaani chukua Watanzania wote uwagawe mafungu matano, fungu moja zima ndo mji ule mmoja. Kwaiyo ukisema utauzunguka wote kwa wiki 4 utarudi na malengelenge. Mimi wiki ya kwanza nilifanya ivo ivo, nina orodha ya sehemu 20, nafika, nakata tiketi, selfi, naondoka mbio kwenye nyingine, asubuhi yake mwalimu ananiuliza jana umeona nini, nasema mnara, mnara gani, nasema mrefu. Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka ila iliniuma.

Nilichobadilisha ni kitu kidogo tu, nikatafuta kijiwe. We si unajua, mgeni akija Dodoma akazunguka wiki nzima Nyerere Square na kamera hajui kitu, ila akikaa siku tatu mfululizo kwenye benchi moja la kahawa kule Majengo atajua mpaka nani anamdai nani. Kijiwe changu kilikuwa kibanda cha tambi nyuma ya hosteli, meza sita, mama mmoja na mumewe. Siku ya kwanza aliniangalia kama vile nimeshuka mwezini, siku ya nne hakuniuliza tena nakula nini, analeta tu, na siku ya saba akawa ananisahihisha Kichina changu mbele ya wateja bila huruma yoyote. Nilichojifunza pale hakimo kwenye kitabu cha kozi.

Tambi zenyewe zinaitwa biangbiang, wanasema hiyo biang ni mlio wa unga ukipigwa mezani wakati anauvuta, na kweli unausikia kabla hujaingia. Zinatoka pana kama mkanda wa suruali, utani huo ni wa kwao wenyewe sio wangu. Herufi ya hilo jina ina michoro zaidi ya 50, mwalimu alituandikia ubaoni nikaona afadhali niendelee kusikia njaa. Juu ya tambi anaweka pilipili ya unga na kitunguu swaumu, halafu anamwagia mafuta ya moto inalia chwaaa, na pembeni unapewa punje za kitunguu swaumu kibichi unatafuna katikati ya tonge. Yule aliyekwambia Wachina wanakula wali tu alikuwa kusini, huku kaskazini ni ngano, wali niliutafuta mwenyewe.

Halafu uende ukutani. Xi'an ina ukuta unaozunguka mji wa zamani, umejengwa enzi za wafalme wa Ming kuanzia miaka ya 1370, mzunguko wake karibu kilomita 14, kwenda juu mita 12, na juu ni pana kiasi kwamba watu wanakodi baiskeli wanaendesha. Nenda saa 11 jioni, mwezi wa 7 jua la kule sio mchezo, joto linapita 35 na upepo wetu wa Dodoma hautauona. Saa 2 kasoro ndo linaanza kuzama. Wageni wengi wanapiga picha juu wanashuka wanaondoka, we ukishuka usiondoke! Chini ya ukuta kwa nje kuna bustani inauzunguka, na humo ndo wazee wanakaa na viti vyao vya kukunja, wanapiga Qinqiang, ile opera ya mkoa wao wa Shaanxi. Nikisema wanaimba nakudanganya, wanapiga kelele, koo linatoka nje, mishipa imesimama. Wenyewe wana msemo wa kujitania kuhusu vituko vya watu wa Shaanxi, kwamba mkate wao ni kama mfuniko wa sufuria, pilipili kwao ni mboga kamili, benchi lipo lakini wao wanachuchumaa, na opera yao inangurumwa.

Sasa kinachoongoza ile ngoma ni kinanda cha nyuzi mbili kinapigwa kwa upinde, kinaitwa banhu. Mdogo wangu, niliposikia mara ya kwanza nilisimama. Zeze! Sio sauti ileile, yao ni kali zaidi inachoma sikio, lakini ule upinde, na ule uzee wa mpigaji alivyofumba macho, nikajiona nipo kijijini kwa babu. Siku ya pili nikarudi na simu nikawawekea nyimbo za mzee Hukwe Zawose, Mgogo wetu aliyefariki 2003. Mzee wa banhu akaweka sikio kwenye simu, akasikiliza mpaka mwisho, akaomba irudiwe, mara ya tatu akaanza kuifuata kwa banhu yake taratiibu, anakosea anarudia, wenzake wanamcheka. Sikurekodi. Nilikuwa nimeshika simu inayopiga wimbo, ningerekodi na nini.

Kwaiyo jibu langu ni hilo, kijiwe kimoja cha kula, kijiwe kimoja cha kukaa, unarudi palepale mpaka wakuchoke. Sehemu za orodha utaziona jumamosi. Na ile makumbusho ya historia ya mkoa wa Shaanxi, kuingia ni bure ila unajiandikisha siku kadhaa kabla, mimi sikujiandikisha nikaenda nikasimama juani na paspoti yangu mkononi, nikarudi hosteli kwa miguu. Ujinga wangu mwenyewe.

Assalaam alaykum dada. Binti yangu anaenda huko huko Xi'an mwaka huu. Nina hofu mbili, chakula na swala. Nasikia wanakula kila kitu. Nimwambie abebe unga? — Mama wa Kondoa

Waalaykum salaam mama. Kwanza pole kwa wasiwasi, halafu nikupe habari njema, binti yako ameangukia mji mzuri pengine kuliko yote kwa hilo. Katikati kabisa ya Xi'an, nyuma ya Mnara wa Ngoma, kuna mtaa mzima wa Waislamu. Sio wageni hao, ni Wachina wa kabila la Hui, wapo pale vizazi na vizazi, mizizi yao inarudi nyuma mpaka wafanyabiashara waliokuja na misafara ya hariri kutoka Uajemi na Uarabuni enzi mji ukiitwa Chang'an. Vichochoro vimejaa mishikaki ya kondoo, mikate, haluwa zao za ufuta, mzee ana kofia nyeupe kichwani anamkemea mjukuu wake kwa Kichina, unasimama unashangaa.

Mimi sio Muislamu mama lakini chumba nililala na dada wa Kiindonesia ambaye hakosi swala, ndiye alinipeleka Msikiti Mkuu. Nilikuwa natafuta mnara na kuba kama la Msikiti wa Gaddafi pale mjini kwetu, nimetafuta sijaona. Mapaa yamepinda pembe kama ya mahekalu, kuna nyua moja baada ya nyingine, miti, na kitu kama mnara wa mbao wa ghorofa, ndo mnara wenyewe huo. Pale wanasema ulianzishwa mwaka 742, majengo yaliyopo sasa mengi ni ya enzi za Ming na baadaye. Ukumbi wa swala wasio Waislamu hatuingii, nikakaa uani chini ya mti. Binti mwambie kitu kimoja, huku kwetu tumezoea kibla kaskazini, kule ni magharibi, yule rafiki yangu siku ya kwanza hosteli alikuwa kaigeukia kabati la nguo.

Chakula, mfundishe neno moja tu, *qingzhen*, anatamka kama chingjen, maana yake halali. Mabango yake mara nyingi ni ya kijani na yapo mji mzima, sio mtaa ule tu, na vyuo vingi vina kantini au dirisha la chakula hicho, aulize siku ya kwanza. Na sentensi hii, *wo bu chi zhurou*, mimi sili nguruwe. Ni muhimu kwasababu kuna mkate wa nyama unaitwa roujiamo, mtaa wa Waislamu unatiwa ng'ombe au kondoo, ukivuka barabara tu ni nguruwe, na kwa macho ni uleule.

Ale paomo. Unapewa bakuli na mkate mgumu mtupu, unaumega mwenyewe vipande vidogo vidogo kama punje za mahindi, unaurudisha jikoni wanautia supu ya kondoo. Mimi nilimega matonge makubwa kama ya ugali, mhudumu akaangalia lile bakuli, akanirudishia, akanionesha kwa vidole, DOGO. Nusu saa nzima tunamega, meza zote watu wanamega na kupiga soga, nikaelewa kumbe hicho chakula ni mazungumzo, mkate ni kisingizio. Wewe mama wa Kondoa ungeelewa haraka kuliko mimi, ni kama kuchambua mboga uani na mashoga zako.

Unga asibebe. Abebe kiberiti cha... hapana hata hicho watamnyang'anya uwanja wa ndege. Na simu, kule wanatutangulia masaa 5, akikupigia saa 4 usiku kwake kwako ni saa 11 jioni.

Sista, ni kweli wanakushika nywele na kukupiga picha bila ruksa? Mi sipendi kuoneshwaoneshwa. — Manyoni

Picha ndio, nywele mara mbili tu wiki 5 zote, zote mbili ni mabibi. Sitakudanganya inachosha. Kuna siku unaamka vizuri unacheka nao, kuna siku umefeli jaribio, joto limekubana, halafu mtu ananyanyua simu kwenye treni unatamani uzame. Nilijifunza kusema *bu yao pai*, usipige, huku natabasamu, wengi walishusha simu wakaona haya. Watoto sikuwakatalia.

Jambo moja nikuandae maana lilinipa presha bure. Utasikia mtu anaongea kawaida tu halafu katikati anasema "neige, neige", sikioni linakuja kama lile tusi la Wamarekani kwa mtu mweusi. Sio. Ni "ile... ile...", kama sisi tunavyosema "yaani, hii nani". Mimi siku ya pili nilimgeukia baba wa watu dukani na macho mekundu, masikini alikuwa anatafuta jina la betri.

Na kuna upande wa pili. Ukiulizwa unatoka wapi sema *Tansangniya*, kwa vijana haisemi kitu sana, watasema Afrika wataishia hapo, lakini wazee! Mzee mmoja kule bustanini alinyanyuka kwenye kiti akanishika mikono yote miwili, *Tan-Zan tielu*, reli ya Tanzania na Zambia, TAZARA yetu ile iliyojengwa 1970 mpaka 1975. Kijijini kwao kuna mtu alikuja kuijenga. Tangu siku ile nilikuwa na kiti changu pale, cha kukunja, cha plastiki ya bluu.

Hela na bando huko vp? Nasikia WhatsApp hamna. — Kijana wa Area C

Hamna. Wala Google, wala Instagram. Ukitumia laini ya nyumbani iliyofunguliwa kwa matumizi ya nje inapita, ila bei utalia. Watu wote wako WeChat, apu yao ya meseji, mjazie mama yako kwenye simu yake KABLA hujaondoka, ukiwa kule utashindwa kumwelekeza. Kulipa ni Alipay na WeChat, unaunga kadi yako ya benki ya Visa au Mastercard, unapiga kile kimraba chenye vidoti, mpaka muuza mahindi ya kuchoma anacho. Beba na noti kidogo. Viza ya masomo yasiyozidi siku 180 inaitwa X2 lakini chuo chako ndo watakwambia uombe ipi, ubalozi wao upo Dar, sasa hivi na SGR unaenda na kurudi siku moja hamna visingizio. Ukifika lazima uandikishwe polisi ndani ya masaa 24, ukilala hoteli wanakufanyia wao, hosteli ya chuo ulizia usinyamaze.

Mimi nauliza kwa nia njema tu. Mtoto wa watu analipiwa nauli mpaka China kwenda kuangalia masanamu ya udongo na kuta za zamani. Utamaduni wa watu unatusaidia nini sisi huku Kongwa? — Mzee wa Kongwa

Shikamoo mzee. Nimelisoma swali lako mara tatu, mara ya kwanza nilikasirika kidogo, sasa nimepoa.

Hayo masanamu nikusimulie yalivyopatikana. Mwaka 1974, mwaka mmoja tu baada ya sisi kuamua makao makuu yahamie Dodoma, huko Lintong mashariki ya Xi'an kulikuwa na ukame, wakulima wakaamua kuchimba kisima. Wakulima kabisa mzee, majembe, kama ambavyo wewe na wenzako mngefanya hapo Kongwa mvua ikigoma. Wakachimba, maji hawajapata, kikatoka kichwa cha mtu cha udongo. Ndo likawa jeshi la mfalme Qin Shi Huang, yule aliyeunganisha China mwaka 221 kabla ya Kristo, amezikwa na askari wake wa udongo, wanakadiria kama 8,000, kila mmoja na uso wake. Walipofukiwa walikuwa na rangi, nyekundu, kijani, wakitolewa nje ile rangi inakauka na kupukutika kwa muda mfupi sana, ndo maana wengine mpaka leo wameachwa chini, na kaburi lenyewe la mfalme halijafunguliwa.

Nilisimama pale juu ya shimo la kwanza, ni banda kubwa kama la ndege, watu wamebanana, jasho, na nilichokuwa nawaza ni kisima. Hivi walipata maji wapi mwaka ule?

Halafu ngoja nikwambie kilichonitokea mzee wangu. Kesho yake asubuhi mwalimu akazunguka darasani, kila mtu aeleze kitu cha kale cha kwao kilichopo kwenye urithi wa dunia. Askari wa udongo waliingizwa 1987. Mthailandi akaeleza, Mmisri ndo kabisa hakunyamaza. Ikafika kwangu, nikasema michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliingizwa 2006. Vizuri, inafananaje? Kimya. Sijawahi kufika. Nimezaliwa Dodoma nimekulia Dodoma, Kolo ni basi la asubuhi tu, nimevuka bahari nikaenda kuangalia udongo wa watu wakati rangi za miamba ya kwetu sijaziona. Nilitunga mzee. Nikasema kuna twiga. Niliporudi mwezi wa 9 nilipanda basi la Kondoa, nikamlipa mtu wa kutembeza, nikapanda mlima na viatu vya kanisani, na twiga yupo kweli, namshukuru Mungu.

Sijui kama hiyo ni faida unayoitaka wewe. Nauli yangu walilipa wao kwenye ufadhili, hilo nalo nikutoe wasiwasi.

Dada nibebe zawadi gani? Sina hela nyingi. — Kikuyu, karibu na soko

Kahawa ya kusaga na korosho zilizofungwa vizuri kwa walimu, vitu vibichi acha, uwanja wa ndege watakutoa navyo. Ukimpa mtu mpe kwa mikono miwili, kwetu nayo ni adabu kwaiyo hutahangaika. Asipofungua mbele yako usinune, ndo desturi.

Lakini kilichopendwa kuliko vyote ni khanga. Nilibeba doti tatu za bei ya kawaida kabisa za sokoni. Siku ya mwisho nikampelekea mama wa tambi moja, maandishi yake *Wema hauozi*. Kabla sijamweleza akatoa simu, akaielekeza kwenye maandishi, ile apu ya kutafsiri ikafikiria sana, akasoma, akamwita mumewe, wakasoma wote wawili, wakaangua kicheko mpaka akakaa chini. Sikuelewa. Akanigeuzia simu nisome, nikajikongoja na Kichina changu cha wiki 5, imeandika wema haunuki.

Akanyanyua punje ya kitunguu swaumu akaninusisha. Halafu akajifunga khanga kiunoni juu ya aproni, maandishi yapo mbele, akarudi kupiga unga.